Kabla Hujanunua Dawa, Soma Maji

Samaki wa bwawani wakianza kufa, tazama saa kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Waliokutwa wamekufa alfajiri wana habari yao. Waliokufa mchana jua likiwa utosini wana habari nyingine. Na wale wanaokwenda polepole, leo wawili, kesho mmoja, kesho kutwa watatu, habari yao haifanani na hizo mbili. Katika mabwawa madogo ya nyumbani, shida nyingi huanzia kwenye maji, na maji hayatibiwi kwa vidonge. Ndiyo maana hapa tunaanza na maji, na magonjwa yenyewe yatasubiri zamu yao.

Nakuandikia wewe mwenye bwawa la simenti nyuma ya nyumba, au shimo la udongo ulilochimba kwenye lupango kule Kalebuka, Kasapa au Kilobelobe, ukaweka tilapia mia kadhaa na pengine kambale wachache. Kazi yako ina mizizi hapa. Baada ya vita vya pili vya dunia, kituo cha Kipopo, nje ya mji huu wa Lubumbashi ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, kilikuwa kati ya vituo vya mwanzo Afrika kufuga tilapia kwa utafiti. Mwezi wa Juni 1949 Wabelgiji na Waingereza walikutana hapa kwa mkutano mzima wa ufugaji wa samaki. Kipopo walishughulika hasa na samaki wawili wa maji ya kwetu: Oreochromis macrochir, anayekula vimea vidogo na uozo laini wa chini, na Coptodon rendalli, anayetafuna majani. Siku hizi wengi wananunua vifaranga vya Oreochromis niloticus kwa kuwa anakua haraka. Aina yoyote uliyo nayo, sheria za maji ni zilezile.

Ukikuta mzoga, usiutupe upesi. Uliza mambo matatu: amekufa saa ngapi, wamekufa wakubwa au wadogo, na viumbe wengine wa bwawani wana hali gani. Maji yakikosa oksijeni, samaki wakubwa hutangulia kufa na vifaranga hubaki, kwa sababu mwili mkubwa unadai hewa nyingi. Sumu ikiingia, mara nyingi vifaranga ndio wa kwanza, kisha wote kwa pamoja, na konokono na viluwiluwi hufa nao. Ugonjwa hauna haraka hiyo. Huchagua mmoja hapa, mmoja pale, na huacha alama mwilini. Kama una kambale, mtumie kama shahidi. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo anaweza kuishi katika maji yaliyomuua tilapia kwa kukosa oksijeni. Tilapia wamekufa na kambale wanazunguka kama kawaida? Fikiria oksijeni. Kambale nao wamelala chali? Fikiria sumu. Na usishtuke ukimwona kambale anapanda juu, anameza hewa, anashuka: hiyo ni desturi yake.

Sasa alfajiri. Amka kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, nenda bwawani na tochi, usipige kelele. Tilapia waliotapakaa juu ya maji, midomo wazi, wamejazana pale maji yanapoingilia, wanakuambia kwamba hawana hewa. Ukiwapigia mguu wanashuka sekunde chache kisha wanarudi. Mchana utawakuta wametulia kabisa, na hapo ndipo wafugaji wengi wanapodanganyika: wanakuja bwawani saa tatu au saa nne, wanaona samaki wanakula, wanarudi ndani na moyo mweupe.

Sababu yake ni hii. Maji ya kijani yana vimea vidogo visivyohesabika. Jua likiwaka, vimea hivyo hutoa oksijeni na maji hushiba. Jua likizama, kazi hiyo husimama, lakini vimea vyenyewe, samaki, wadudu na uozo wa chini vyote huendelea kuvuta hewa ileile usiku kucha. Kabla ya mapambazuko ndipo akiba inapofika chini kabisa. Sisi wa Lubumbashi tuna hasara moja zaidi: tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Maji ya digrii 25 ambayo pwani yangeshika oksijeni ya miligramu 8 na kidogo kwa lita, hapa hushika kama miligramu 7 tu. Ukisoma kitabu kilichoandikwa kwa mabwawa ya nchi za chini, punguza idadi ya samaki wanaokushauri kuweka. Bila mashine ya kuingiza hewa, samaki wawili kwa kila mita ya mraba wanatosha.

Kipimo cha kijani hakihitaji fedha. Simama bwawani mchana, nyoosha mkono ukiwa umekunja kiganja kiwe bapa, uuzamishe taratibu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi. Kikipotea maji yanapofika kiwikoni, uko sawa. Maji yakipita kiwiko na bado unahesabu vidole, bwawa lina njaa na linaweza kupokea samadi kidogo. Angalia pia rangi: kijani cha majani mateke ni kizuri, lakini utando mzito kama rangi ya mafuta, unaosukumwa na upepo hadi pembeni na kunuka, ni dalili kwamba vimea vimeanza kufa. Vikifa vyote kwa siku moja, maji hugeuka kahawia au kijivu na oksijeni hushuka ghafla.

Ukiwakuta samaki wanahema juu, fanya haya bila kusubiri. Acha chakula, acha samadi. Ingiza maji mapya na uyapitishe juu ya bati lililotobolewa misumari ili yadondoke kama manyunyu. Kama una pampu, chota maji ya bwawa lenyewe na uyarushe juu yarudi. Umeme umekatika, kama tulivyozoea? Watu wawili na ndoo, wakichota na kumwaga kutoka juu ya kichwa, wanaweza kuwaokoa samaki wa bwawa dogo hadi jua litoke. Usiingie na kukanyaga matope, maana utaamsha uozo wa chini na kumaliza hata hewa iliyobaki. Asubuhi ikiwadia, toa theluthi moja ya maji, uyatoe kutoka chini, kisha jaza upya. Bomba la kutolea maji lililowekwa juu hutoa maji mazuri na kubakiza mabaya. Ukijenga bwawa jipya, liweke chini.

Mara nyingi chanzo ni samadi. Banda la kuku juu ya bwawa linapendeza kwa sababu mbolea hujiangukia yenyewe, lakini kuku hawajui kusimama wakati kijani kimezidi. Weka ubao au turubai la kukinga unaloweza kulitoa na kulirudisha. Januari na Februari, mawingu yanapokaa siku tatu au nne mfululizo, funika kabisa: bila jua vimea havitengenezi hewa, na kila samadi inayoanguka inakula iliyopo. Mvua kubwa ya ghafla nayo ina hatari yake. Maji baridi ya mvua ni mazito, huzama na kuyasukuma juu maji ya chini yaliyokuwa yamelala na uozo. Ukisikia harufu ya yai viza baada ya mvua, usingoje samaki wakuonyeshe. Anza kupitisha maji.

Vifo vya mchana vina njia nyingine. Samaki wana amonia katika uchafu wao, na chakula kinachooza huongeza. Amonia ileile inaweza kuwa na madhara kidogo asubuhi na kuwa sumu saa tisa alasiri, kwa sababu vimea vinapofanya kazi juani hupandisha pH ya maji, wakati mwingine kupita 9, na joto nalo likipanda sehemu kubwa ya amonia hugeuka kuwa ile inayochoma matamvua. Samaki wanakataa chakula cha jioni, wanakuwa weusi, wanaogelea kama waliolewa. Karatasi za kupimia pH ni rahisi kuliko dawa yoyote utakayouziwa. Pima asubuhi na pima alasiri, uandike kwenye daftari. Dawa ya amonia ni kupunguza chakula. Kwa tilapia wa gramu mia, asilimia 3 ya uzito wao kwa siku inatosha: samaki mia moja, kilo kumi, chakula gramu 300. Pumba za mahindi zilizobaki zinaelea nusu saa baada ya kulisha ni fedha unazozigeuza kuwa sumu.

Bwawa jipya la simenti linahitaji subira. Simenti mbichi hutoa chokaa na pH inaweza kupita 11. Kifaranga hakai humo hata siku moja. Jaza, acha siku kadhaa, mwaga, sugua, jaza tena, kwa muda wa wiki tatu hivi, na usiweke samaki mpaka karatasi ionyeshe chini ya 8.5 kwa siku kadhaa mfululizo. Kisha weka samaki watano tu kwanza. Maji ya bomba ya Regideso yenye klorini nayo yasiingie moja kwa moja kwa wingi. Yaache wazi kwenye tangi siku moja au mbili juani.

Halafu kuna baridi yetu. Mgeni aliyetoka Kinshasa au Kalemie haamini kwamba usiku wa Juni na Julai hapa hushuka chini ya digrii 10. Tilapia huacha kukua maji yakishuka chini ya digrii 20, huacha kula karibu na 16, na karibu na 10 au 12 hufa. Bwawa la udongo lenye kina cha mita moja na zaidi hulinda joto lake, lakini besheni la simenti la sentimita 50, lililojengwa juu ya ardhi, hupoa usiku mmoja. Katika miezi hiyo lisha kidogo sana, mara moja, saa saba au saa nane mchana maji yakishapata joto. Usivue, usihamishe, usiwapime mizani. Samaki aliyeguswa na wavu wakati wa baridi hupoteza ute unaomkinga, na baada ya siku chache utaona pamba nyeupe kwenye mkia na mapezi. Hiyo ni kuvu. Ikitokea, mtoe samaki huyo, mwogeshe katika maji yenye chumvi, gramu 200 katika bidoni la lita 20, kwa dakika kumi hadi ishirini huku ukimtazama. Akianza kupinduka mtoe mara moja. Kambale hana magamba, mpe nusu ya chumvi hiyo.

Ninalotaka ulisikie kwa uzito wake wote ni suala la madini. Tanuru la shaba la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911, na kwa miongo mingi upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi wake upande wa Penga Penga, ambako udongo umebeba shaba mpaka leo. Maji ya mto Naviundu na mfereji wa Tshamilemba hupita katikati ya viwanda, na mto Kafubu hupokea maji yanayotoka upande wa mabaki ya mgodi wa Kipushi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga, na kobalti ilionekana kwa wingi mno kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kinachoingia kwa mtu kinaingia kwa samaki pia.

Shaba hushambulia matamvua. Samaki hutoa ute mwingi, anahema hata pale oksijeni ilipo ya kutosha, na kifo huja kwa wote ndani ya saa chache, saa yoyote ya mchana au usiku. Konokono wanaelea. Maji yenye asidi na yasiyo na chokaa huifanya shaba iwe kali zaidi. Maji magumu huipunguza nguvu. Kwa hiyo usijaze bwawa kwa maji ya mto uliopita kwenye viwanda, hata kama yanaonekana meupe. Usichimbe bwawa kwenye udongo mtupu ambapo hata nyasi zimekataa kuota. Na chimba mfereji kuzunguka bwawa ili mvua ya kwanza ya Novemba, inayosomba vumbi la kiangazi chote pamoja na dawa za wadudu za mashambani, ipite pembeni. Ukiamini kwamba maji ya kiwanda yameingia, usiwauze samaki waliokufa na usiwale, hata kama walikuwa wanatapatapa ulipowakuta. Wazike. Najua ni hasara, na najua kuna mtu atakayesimama mlangoni akitaka kuwanunua kwa bei ya chini. Mwambie hapana. Watakaowala ni watoto wa jirani.

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Samaki anayejisugua kwenye ukuta ana vimelea vya ngozi au matamvua, na bafu la chumvi lilelile husaidia. Macho yaliyotoka nje, tumbo lililovimba, magamba yaliyosimama, hutokana mara nyingi na bakteria zilizomkuta samaki aliyechoshwa na maji mabaya. Wengi humimina bwawani vidonge vya tetrasaiklini walivyonunua kwa ajili ya watu. Usifanye hivyo. Kiasi kinachomfikia samaki hakijulikani, bakteria nzuri za majini zinakufa, na zile zilizobaki zinajifunza kuishi na dawa ambayo kesho mwanao ataihitaji hospitalini. Vidonda vyekundu vilivyochimbika mpaka kwenye nyama vinataka tahadhari ya pekee: ugonjwa wa vidonda unaoletwa na Aphanomyces invadans uliingia bonde la Zambezi mwishoni mwa 2006, ukaenea Zambia, na vifaranga huvuka mpaka wa Kasumbalesa bila kuulizwa. Ukinunua vifaranga, viweke peke yao kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuvichanganya na wengine.

Kuna malalamiko mawili ambayo si ugonjwa. La kwanza: samaki wanapungua na hakuna mizoga. Hao wanaliwa na ndege, au wanavuliwa usiku. Tandaza wavu juu. La pili: samaki wana miezi minane na bado ni wadogo kama kiganja, vichwa vikubwa, miili myembamba. Bwawa limejaa watoto. Tilapia jike huanza kuzaa akiwa mdogo sana, na chakula chako kinagawanywa kwa mamia usiowaona. Vua wadogo mara kwa mara, au tia samaki wachache wa kuwala wadogo hao, kambale au makobo, wakishakuwa wakubwa kuliko vifaranga lakini wadogo kuliko tilapia wa kuuza.

Kila baada ya kuvuna, mwaga maji yote. Acha matope yakauke mpaka yapasuke, wiki mbili za kiangazi zinatosha, kisha nyunyiza chokaa iliyozimwa, kilo kumi hivi kwa mita za mraba mia moja. Mawe ya Kakontwe kule Likasi hutengeneza chokaa, kwa hiyo haitoki mbali. Vaa viatu na ufunike pua. Usiweke chokaa hiyo kwenye bwawa lenye samaki.

Na miguu yako je? Konokono wa bwawani hubeba bilharzia, na pembe zenye majani marefu ndizo nyumba yao. Fyeka kingo, vaa buti za mpira, wakataze watoto kuoga humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa hapahapa Élisabethville walionyesha kwamba samaki anayeitwa leo Sargochromis mellandi, wa maji ya Luapula na Bangweulu, huponda konokono kwa meno ya kooni na kuwapunguza sana mabwawani. Ukimpata kwa wavuvi wa Kasenga akiwa hai, wachache wanatosha.

Vifo vikiendelea baada ya kubadilisha maji na kupunguza chakula, peleka ushahidi Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wapelekee samaki wawili au watatu walio hai lakini dhaifu, ndani ya mfuko wa maji, kwani mzoga wa jana umeshaoza na hausemi kitu. Kama wamekufa njiani, wawe kwenye barafu, wasigandishwe. Chota maji ya bwawa katika chupa safi mbili, uzijaze mpaka juu pasibaki hewa, moja ya alfajiri na moja ya alasiri, uandike saa juu ya kila moja. Chukua na lile daftari lako la pH, lenye tarehe ya mvua ya mwisho, siku uliyoweka samadi, na mahali uliponunua vifaranga.